Wakili wa Raleigh, Mjumbe wa Harlem

Leo nakuletea habari za Edward Austin Johnson, mtu aliyekaa bungeni mwaka mmoja tu, na bunge lenyewe la jimbo, si la taifa. Alichaguliwa Novemba 1917, akaanza kazi Januari 1918, na uchaguzi uliofuata ukamtoa. Kwa kipimo cha kawaida cha siasa utasema alikuwa mpita njia. Lakini huyu ndiye Mmarekani Mweusi wa kwanza kuketi katika Bunge la Jimbo la New York, na alizaliwa utumwani. Tena maisha yake yanagusa ubishi uliowagawa watu wa zama zake hata wakanuniana: mtu aliyenyimwa haki aanze na nini? Atafute mali kwanza, asome kwanza, au ashike kura?

Johnson alizaliwa tarehe 23 Novemba 1860 karibu na mji wa Raleigh, jimbo la North Carolina, mmoja kati ya watoto 11 wa Columbus na Eliza Johnson. Wazazi walikuwa watumwa, kwa hiyo na yeye alikuwa mali ya mtu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 na utumwa ukafa, alikuwa bado mtoto mdogo wa kubebwa mgongoni akichoka. Aliyemfundisha kusoma alikuwa mwanamke Mweusi ambaye hakuwa mtumwa, Nancy Walton. Hilo tusilipite haraka, kwa sababu North Carolina tangu mwaka 1830 ilikuwa na sheria iliyokataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Kizazi cha Johnson kilishika kitabu kama mtu anayerudishiwa kitu chake kilichoibwa.

Akasoma Raleigh, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Atlanta mwaka 1879, akahitimu 1883. Akawa mwalimu mkuu wa shule hukohuko Atlanta, halafu akarudi nyumbani mwaka 1885 kuongoza Shule ya Washington, ileile aliyosoma utotoni. Huku anafundisha watoto, huku anasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Shaw. Mwaka 1891 akapata shahada yake, na miaka miwili baadaye akawa mkuu wa idara ya sheria ya chuo hicho.

Sasa, ukiwa mwalimu unaona mambo ambayo mkaguzi wa elimu hayaoni. Johnson aliona watoto Weusi wakifungua kitabu cha historia ya nchi yao na kutojikuta humo. Wakijikuta, ni katika sura ya utumwa, wakitajwa kama tatizo la watu wengine. Hakuna askari wao aliyepigania uhuru wa Marekani, hakuna mvumbuzi, hakuna mshairi. Mwalimu gani asingeumia? Basi akaandika kitabu mwenyewe, "A School History of the Negro Race in America", kilichotoka mwanzoni mwa miaka ya 1890, kikianza na mwaka 1619, Waafrika walipofikishwa Virginia, na kuja mpaka wakati wake. Kitabu kilikubaliwa kutumika katika shule za watoto Weusi za North Carolina. Mtu wa miaka 30, mtoto wa watumwa, anawaandikia watoto wa waliokuwa watumwa kitabu cha darasani. Kama asingefanya jambo jingine lolote maishani, mimi ningeona hilo linatosha kumtengea jioni moja redioni.

Lakini alifanya mengine, na hapa tuingie upande wa biashara.

Msikilizaji wangu anavijua vyama vya kuzikana. Mnachanga kidogokidogo, na siku ya msiba hakuna anayehangaika na sanda. Wamarekani Weusi baada ya utumwa walikuwa navyo tele, makanisani na mitaani, kwa sababu kampuni kubwa za bima za Wazungu ama ziliwakataa ama ziliwatoza zaidi na kuwalipa pungufu. Udhaifu wa vyama hivyo ni kwamba kiongozi akiwa mwizi, au vifo vikifuatana, mfuko unakauka. Oktoba 1898, katika mji wa Durham, North Carolina, wanaume saba walikutana kwenye chumba cha kazi cha daktari Aaron Moore ili waunde bima ya kweli, yenye sheria na vitabu vya hesabu. Msukumo ulitoka kwa John Merrick, kinyozi aliyezaliwa mtumwa, aliyekuwa na maduka kadhaa ya kunyolea mjini. Wakili kati ya wale saba alikuwa Johnson. Kila mmoja alitoa dola 50.

Kampuni ilifungua mlango Aprili 1899 kwa jina la North Carolina Mutual and Provident Association. Wakala alipita nyumba kwa nyumba kila wiki akipokea senti tano hapa, senti kumi pale, kwa mfuaji nguo na kwa kibarua wa kiwanda cha tumbaku. Inasimuliwa kwamba dai la kwanza kubwa lilipofika, la dola 40, sandukuni hakukuwa na fedha za kulilipa, ikabidi waanzilishi waingize mikono katika mifuko yao wenyewe. Dai likalipwa. Wakala akachukua ile stakabadhi iliyosainiwa akaizungusha mitaani kama ushahidi, watu wakaanza kuamini. Wenzake Johnson wengi walijitoa mapema, na kazi ikabaki mikononi mwa Merrick, Moore na kijana wao Charles Clinton Spaulding. Kampuni hiyo baadaye ilikua ikawa kati ya biashara kubwa kabisa za Weusi nchini Marekani. Johnson hakubaki kula matunda yake, lakini alikuwapo mbegu ilipofukiwa.

Angalia tarehe. Oktoba 1898 wale saba wanaketi Durham kujenga. Tarehe 10 Novemba 1898, wiki chache tu baadaye, katika jimbo hilohilo, mji wa Wilmington, kundi la Wazungu wenye silaha lilichoma ofisi ya gazeti la Daily Record, lililokuwa la Alexander Manly, Mweusi, likaua watu barabarani, kisha likamlazimisha meya na madiwani waliochaguliwa kihalali wajiuzulu, na kuweka watu wake siku ileile. Hayo yalikuwa mapinduzi, na jeshi la serikali kuu halikuja kuyazuia. Johnson naye alikuwa amewahi kuwa diwani, wa Raleigh. Alikuwa ameenda kwenye mikutano mikuu ya Chama cha Republican kama mjumbe. Alielewa vizuri kabisa kwamba waliofukuzwa Wilmington walikuwa watu wa kazi yake.

Baada ya bunduki ikaja kalamu. Mwaka 1900 North Carolina ilirekebisha katiba yake. Anayetaka kuandikishwa kupiga kura alitakiwa aweze kusoma na kuandika kifungu chochote cha katiba mbele ya msajili, na awe amelipa kodi ya kichwa. Msajili ndiye aliyeamua kama umesoma vizuri, na msajili alikuwa wa chama kilichoshinda kwa kuwatisha Weusi. Lakini je, Wazungu wasiojua kusoma, ambao walikuwa wengi? Wao waliwekewa mlango wa uani. Ikiwa wewe mwenyewe, baba yako au babu yako alikuwa na haki ya kupiga kura kabla ya tarehe 1 Januari 1867, usingeulizwa habari za kusoma. Tarehe hiyo ilichaguliwa makusudi. Wanaume Weusi wa North Carolina walipata kura baada ya tarehe hiyo, mwaka uleule wa 1867. Kwa hiyo mjukuu wa mtumwa alisimama mtihani, na mjukuu wa aliyekuwa na kura alipita bila swali. Weusi zaidi ya 120,000 walikuwa wameandikishwa katikati ya miaka ya 1890. Ilipofika 1902 walibaki kama 6,000.

Johnson angeshindwa mtihani wa kusoma? Huyu alikuwa mkuu wa idara ya sheria! Tangu 1899 alikuwa pia msaidizi wa mwanasheria wa serikali kuu katika wilaya ya mashariki ya jimbo lile. Alikuwa na wanafunzi, wateja na vitabu vilivyochapishwa. Kwa kila kipimo ambacho Booker T. Washington, kiongozi maarufu wa Weusi wa zama zile, na wafuasi wake walikihubiri, Johnson alikuwa amefaulu. Washington alisema hadharani mwaka 1895, mjini Atlanta, kwamba watu Weusi waanze na kazi za mikono, ujuzi na mali, na haki nyingine zitafuata kwa wakati wake. Johnson mwenyewe alikuwa upande wa mawazo hayo, akashiriki katika Umoja wa Wafanyabiashara Weusi ambao Washington aliuanzisha Boston mwaka 1900. Simlaumu. Watu waliokuwa wakizungukwa na moto walishika ndoo iliyokuwa karibu.

Lakini ushahidi wa maisha yake unapinga fundisho hilo, na mimi nasema hivyo bila kuuma maneno. Mali aliipata, elimu aliipata, heshima aliipata, na vyote hivyo havikumrudishia hata kiti cha udiwani. Sheria ya 1900 haikumgusa yeye moja kwa moja. Ilimwondolea wapiga kura wake. Mfuaji nguo alibaki na kitabu chake cha bima, mume wake akafutwa kwenye daftari. Mwanasiasa asiye na wapiga kura ni wakili tu mwenye hotuba nzuri. George Henry White, Mweusi wa mwisho wa kizazi kile katika Bunge la Marekani, naye wa North Carolina, alimaliza kipindi chake Machi 1901 na hakugombea tena, kwa sababu hakukuwa na watu wa kumpigia.

Katika miaka hiyo ya giza Johnson aliandika kitabu cha ajabu. "Light Ahead for the Negro", kilichotoka 1904, ni riwaya. Kijana Mzungu anapanda chombo cha angani mwaka 1906, anapoteza fahamu, na anazinduka katika jimbo la Georgia mwaka 2006. Anakuta wajukuu wa watumwa wanaishi kwa amani na ustawi. Ukikisoma leo utaona kinavyoinama: mageuzi yanaletwa na wema wa Wazungu wa Kusini walioamka, na mwandishi anajitahidi sana asimwudhi mtu. Mimi naona uchungu humo kuliko matumaini. Mtu anayeiweka haki ya watu wake mbele kwa miaka 100 anatuambia kwamba pale alipokaa haioni hata kwa mbali. Kitabu kilipokuwa na miaka mitatu, mwandishi wake alifunga mizigo.

Mwaka 1907 Johnson, akiwa na miaka 46, aliacha cheo chuoni na kazi ya serikali akahamia New York. Alifikia Harlem, na Harlem ya wakati ule si ile ambayo jina lake limetufikia na muziki wake. Ilikuwa mtaa wa nyumba nzuri za Wazungu. Wajenzi walikuwa wamesikia reli ya chini ya ardhi inakuja, wakajenga kupita kiasi, nyumba zikakosa wapangaji. Dalali Mweusi, Philip Payton, alianzisha kampuni mwaka 1904 akawaambia wenye nyumba: nipeni mimi nizijaze. Kampuni yake haikudumu miaka mingi, lakini familia Nyeusi zilikuwa zimeshaingia, na zilizofuata zikaendelea kuingia. Johnson akafungua ofisi ya uwakili, akaingia katika chama cha wafanyabiashara wa Harlem na katika umoja wa walipa kodi wa mtaa. Hivyo ndivyo alivyojenga siasa yake upya, kuanzia na mtu mwenye duka na mtu mwenye nyumba.

Kisha vita vya Ulaya vikafunga mlango wa wahamiaji kutoka huko, viwanda vya Kaskazini vikakosa vibarua, na watu Weusi wa Kusini wakapanda treni kwa maelfu. Msajili wa North Carolina alikuwa amemfuta mtu daftarini. Hakuwa na uwezo wa kumfuata Harlem. Tarehe 6 Novemba 1917 Harlem ikampa Johnson kura za kutosha, kwa tiketi ya Republican, kwenda Albany, makao makuu ya jimbo, kuwa mmoja wa wajumbe 150 wa baraza la chini. Siku hiyohiyo wapiga kura wa New York, wanaume watupu, walikubali kwamba wanawake nao wapige kura kuanzia hapo.

Alifanya nini Albany kwa mwaka mmoja? Alisaidia kupitisha sheria ya ofisi za jimbo za kuwatafutia watu kazi bila malipo. Kwa mtu aliyeshuka treni jana na kuangukia mikononi mwa dalali wa kazi anayekata ujira wake wa wiki za mwanzo, hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kazi ninayotaka uifahamu ni ile ya sheria ya haki za raia.

New York ilikuwa na sheria ya kukataza ubaguzi katika sehemu zinazohudumia watu wote. Ubovu ulikuwa katika orodha. Mahakama zilisoma maneno ya sheria kwa ubahili. Mwaka 1905 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilisema kibanda cha kung'arisha viatu si mahali panapohusika na sheria hiyo, kwa kuwa hakikutajwa. Sheria ikaimarishwa mwaka 1913. Mapema 1918, mahakama ileile ikaamua juu ya Mweusi aliyekataliwa kuuziwa kinywaji kwenye baa: sheria inataja hoteli na sehemu za kula, haitaji baa, basi mwenye baa hana kosa. Mwenye biashara yoyote mwenye wakili mzuri angeweza kusema, nionyesheni jina la biashara yangu.

Johnson alikuwa wakili, akaujua ugonjwa na dawa yake. Marekebisho aliyoyasukuma mwaka 1918 yalijibu mahakama kwa kutaja, na kutaja, na kutaja: baa na vilabu vya pombe, maduka ya aiskrimu na soda, hospitali na zahanati, vinyozi, majumba ya sinema, mahali pa kuteleza kwenye barafu, maktaba, gereji, vyombo vya usafiri, mpaka lifti za majengo. Ni orodha inayochosha kusomewa, na ndipo palipo uzuri wake. Kila jina ni mlango ambao mtu fulani alikuwa amefungiwa, na aliyeandika orodha ile alikuwa anaijua milango. Aliyebaguliwa angeweza kumshtaki mwenye mahali na kulipwa kati ya dola 100 na 500, fedha ambayo kwa kibarua ilikuwa mshahara wa miezi. Ubaguzi haukuisha New York, tusidanganyane. Ila mtu alipokataliwa kiti, alikuwa na kifungu cha kumwonyesha hakimu.

Siku hizo wajumbe wa baraza lile walichaguliwa kwa mwaka mmoja. Mipaka ya majimbo ya uchaguzi ilikuwa imechorwa upya, wapiga kura wake wakagawanywa, na Novemba 1918 Johnson akashindwa. Lakini angalia: uchaguzi huohuo, jimbo jingine la Harlem lilimpeleka Albany Mweusi mwingine, John Clifford Hawkins. Hapo ndipo tofauti ya Raleigh na Harlem inapoonekana waziwazi. Raleigh diwani alipoondoka, sheria ilifunga njia nyuma yake. Harlem mjumbe alianguka, na wapiga kura walikuwa palepale, wanampa mwingine.

Kufika mwaka 1925 Johnson alikuwa amepofuka macho. Hakuacha. Mwaka 1928, akiwa na miaka 67, kipofu, aligombea Bunge la Marekani kwa tiketi ya Republican kutoka Harlem. Fikiria mikutano ile ya kampeni: mzee anashikwa mkono kupandishwa jukwaani, anahutubia watu asiowaona, wengi wao kutoka majimbo ya Kusini kama yeye. Alishindwa na Royal Weller wa Democratic. Mwaka huohuo Chicago ilimchagua Oscar De Priest, Mweusi wa kwanza kuingia Bunge la Marekani tangu White alipotoka, na De Priest alikuwa mtoto wa kusini aliyehamia kaskazini, kama Johnson. Njia ilikuwa ileile. Chicago iliwahi kufika. Johnson akaandika tena kitabu, "Adam vs. Ape-Man and Ethiopia", kilichotoka 1931, kuhusu Afrika na asili ya ustaarabu. Mwalimu wa Raleigh alikuwa bado anajaza zile kurasa zilizoachwa wazi.

Alifariki New York tarehe 24 Julai 1944. Novemba ya mwaka huo Harlem ilimchagua Adam Clayton Powell kuwa mbunge wake wa kwanza Mweusi huko Washington. North Carolina, aliyoiacha kwa kukosa wapiga kura, ilikaa mpaka uchaguzi wa 1992 ndipo ikawapeleka Eva Clayton na Mel Watt katika bunge lilelile alilotoka George White mwaka 1901.